Heda za imeili sio dikshenari

Ukiifungua imeili ikiwa uchi, yaani kabla programu haijaipamba, juu kabisa unakutana na mistari ya jina, nukta mbili, thamani, hizo ndo heda. From hivi, To vile, Subject hii hapa, kisha mstari mtupu, halafu mwili wa barua ndo unaanza. Mtu yeyote aliyeshika kodi hata mwaka mmoja akiona vile mkono unamuwasha: gawa kwa mistari, kata kwenye nukta mbili ya kwanza, tupia kwenye dikshenari, lile kapu ambalo kila jina lina thamani moja, kazi imeisha. Na kwa imeili zako za majaribio itafanya kazi vizuri tu, hapo ndo penye mtego, maana imeili ya majaribio umeandika mwenyewe na hujaandika ujinga wowote, ujinga unaletwa na dunia ukishaiweka kodi hewani.

Mi kwenye hili ni mbishi kidogo. Heda sio dikshenari na wala sio stringi (maandishi matupu), ni orodha yenye mpangilio, kila kipengele kwenye hiyo orodha kina sarufi yake, na laibrari, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine, ipo kwa sababu hizo sarufi ni za ajabu kuliko mtu anavyodhani. Nitaongea zaidi Python kwa kuwa ndo nashinda nayo, ila Java, Go na PHP nazo zitapita njiani.

Kanuni zenyewe ni za zamani, zimeandikwa kwenye hati za viwango vya intaneti zinazoitwa RFC. RFC 822 ni ya 1982, ikaja RFC 2822 mwaka 2001, halafu RFC 5322 ya 2008 ndo inayotumika, na ndani yake bado unasikia harufu ya 1982: kila kitu ASCII ya biti saba (herufi za Kiingereza, namba na alama chache), maelezo yanaruhusiwa kwenye mabano katikati ya anwani, kanda za saa zimeandikwa kwa herufi, yaani mizigo ya wazee. Cha kushangaza ni kwamba heda za lazima ni mbili tu, From na Date. Subject sio lazima. To sio lazima. Hata Message-ID, kitambulisho cha barua, inashauriwa sana lakini sio lazima, kwa hiyo kodi inayodhani kila barua ina kichwa cha habari itakufa siku moja saa nane usiku, na kwenye Python haitafia hata pale pale, kwa sababu ukiomba heda ambayo haipo haikupigii kelele ya KeyError, inakupa None kimya kimya, na hiyo None inasafiri mpaka kwenye templeti ya mtu mwingine huko ndo inalipuka.

Halafu kuna suala la kukunja mistari. Mstari wa heda hautakiwi kuzidi herufi 998, na inashauriwa usipite 78, kwa hiyo thamani ndefu inavunjwa na mstari unaofuata unaanza na nafasi au tabu:

Subject: Taarifa ya mabadiliko ya ratiba ya matengenezo ya seva
 kuu pamoja na seva za akiba

Hiyo ni heda moja. Wa kugawa kwa mistari ameshapotea hapo. Na ukikunjua unaondoa ule mwisho wa mstari tu, nafasi inabaki, wapo wanaoondoa vyote wanapata "sevakuu" na wapo wanaobakiza vyote halafu wanashangaa kwa nini kichwa cha habari kina mstari mpya ndani yake. Laibrari inafanya hili bila kuombwa, mradi umeiita vizuri, na hapo kwenye kuiita vizuri ndo kuna kisa.

Laibrari ya email ya Python ina sura mbili. Kuna ya zamani inayoitwa compat32, na kuna mpya inayokuja na policy.default na klasi ya EmailMessage, hii ilianza kuingizwa kwa majaribio kwenye 3.3 na ikawa rasmi kwenye 3.6. Ukiita message_from_bytes bila kusema kitu, hata leo, unapewa sura ya zamani. Sijui kama kuna uamuzi mwingine kwenye laibrari hiyo uliowapotezea watu muda kama huu, naelewa sababu yake ni kutovunja kodi za zamani, lakini matokeo yake ni kwamba mafunzo mengi mitandaoni yanamfundisha mgeni njia ngumu halafu anaondoka akiamini imeili ni uchawi.

Tofauti unaiona haraka. Chukua hii:

msg["Subject"] = "Ripoti"
msg["Subject"] = "Ripoti ya mwisho"

Mtu wa dikshenari anasoma hapo kwamba ya pili imefuta ya kwanza. Kwenye sura ya zamani haikufuta kitu, imeongeza, sasa barua yako ina Subject mbili na kila programu ya imeili itachagua ya kuonyesha kwa akili zake. Sura mpya inagoma na ValueError, inakwambia Subject mwisho moja, ukitaka kubadilisha futa kwanza kwa del au tumia replace_header. Huo ukali naupenda. Inajua kwamba Subject, From, Date na wenzao ni za mara moja, wakati Received (mihuri ya seva barua ilizopitia) na zile ulizobuni wewe zinaweza kurudiwa utakavyo, na za kurudiwa unazichukua kwa get_all sio kwa mabano ya mraba.

Go wamekuja na njia nyingine: kwenye net/mail heda ni ramani ya jina kwenda orodha ya stringi. Marudio yamehifadhiwa, sawa, lakini mpangilio kati ya heda tofauti umeshapotea, na majina yamenyooshwa kwa mtindo mmoja, ukiandika MESSAGE-ID unaipata kama Message-Id. Kwa kusoma haina shida maana jina la heda halijali herufi kubwa wala ndogo. Kwa kuandika upya barua ya mtu mwingine na kuipeleka mbele, hapana, usithubutu.

Sasa tuje kwenye sehemu inayotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Lugha yetu ina bahati mbaya iliyojificha kwenye bahati nzuri: herufi zake zote zipo kwenye ASCII. Mfaransa akitest kodi yake kwa jina la kwanza tu anakutana na é na tatizo linajulikana siku hiyo hiyo, sisi tunatest mwezi mzima "Habari za leo", "Ankara yako", "Karibu sana", kila kitu kinapita kijani. Halafu mtu mmoja anaandika ng'ambo kwenye simu. Kibodi ya simu inajiona mjanja, ile ritifaa iliyonyooka inageuzwa kuwa iliyopinda, ’ badala ya ', na hiyo iliyopinda haipo kwenye ASCII, kwenye UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote, ni baiti tatu, E2 80 99. Ghafla heda inayofika ni hii:

Subject: =?UTF-8?Q?Habari_za_ng=E2=80=99ambo?=

Hiyo ?Q? ni njia ya kusimba inayoandika baiti ngeni kwa alama ya = na namba yake, au kama mtumaji wake anapendelea base64 (?B?), inayogeuza baiti zote kuwa herufi za kawaida, lile neno peke yake linakuwa =?UTF-8?B?bmfigJlhbWJv?=. Na kama kodi yako ilikuwa inachukua thamani ya heda kama ilivyo, ndo hicho kitakachomtokea mteja kwenye skrini, na ataripoti kwamba mfumo umeingiwa na virusi.

Utaratibu huu ulianza na RFC 1342 mwaka 1992, ukatengenezwa tengenezwa mpaka RFC 2047 ya 1996, na una masharti yake madogo madogo ambayo kila anayejaribu kuuandika kwa rejeksi (ruwaza za kutafuta maandishi) anayakosa. Kipande kimoja hakizidi herufi 75, kwa hiyo kichwa kirefu kinakatwa vipande viwili vitatu. Nafasi iliyo kati ya vipande viwili vilivyosimbwa inatupwa, lakini nafasi iliyo kati ya kipande kilichosimbwa na neno la kawaida inabaki. Kwenye Q mstari wa chini ni nafasi. Herufi moja yenye baiti nyingi haitakiwi kukatwa katikati, kila kipande kijitegemee, ingawa kuna programu zinazotuma barua kila siku na hazijawahi kusikia sharti hilo, kwa hiyo unapokea kipande kinachoishia na E2 80 na cha pili kinaanza na 99, na wewe uliyedekodi kipande kimoja kimoja unapata vile vialama vya swali kwenye almasi nyeusi.

Kuna na wale wanaoandika ISO-8859-1 kwenye lebo ya usimbaji wakati ndani ni windows-1252, usimbaji mwingine unaofanana nao. Unawajua kwa =92. Hiyo 92 kwenye windows-1252 ndo ile ile ritifaa iliyopinda, kwenye ISO-8859-1 ni herufi ya udhibiti isiyoonekana, ukifuata lebo unapata "ngambo" yenye kitu kisichoonekana katikati, na utafutaji kwenye databesi haumpati mtu huyo milele. Mi nikiona lebo ya ISO-8859-1 nadekodi kama windows-1252 bila kuuliza, programu nyingi za imeili nazo zinafanya hivyo hivyo, utaratibu usamehe.

Kwenye sura ya zamani ya Python kazi hii unaifanya mwenyewe kwa decode_header, ambayo nayo ina tabia yake: kama hakuna kilichosimbwa inakurudishia stringi, kama kuna hata kipande kimoja kilichosimbwa inakurudishia baiti, hata kwa yale maneno ambayo hayakusimbwa. Kwa hiyo kila mtu duniani ameandika ile funksheni ndogo ya kuuliza je hii ni baiti au stringi. Kwenye sura mpya unaandika msg["Subject"] na unapata maandishi ya kusomeka, basi. Java nao wana getSubject inayodekodi na getHeader isiyodekodi, ukichanganya hizo mbili kwenye mradi mmoja utapata nusu ya skrini inasomeka na nusu haisomeki. Go inabidi umwite mime.WordDecoder mwenyewe.

Anwani nazo. To: moja tu, tuseme,

To: "Idara ya Fedha, Tawi Kuu" <fedha@example.org>, ukaguzi@example.org

Kata kwa mkato uone, unapata wapokeaji watatu, wa kwanza anaitwa "Idara ya Fedha na nukuu haijafungwa. Mkato ndani ya nukuu ni sehemu ya jina. Tena jina linaweza kusimbwa kama tulivyoona, na mkato ukawa umefichwa ndani ya base64, kwa hiyo ukidekodi kwanza ndo ukakata, umeutengeneza mkato ambao haukuwepo. Utaratibu ni kuchambua kwanza, kudekodi baadaye, na sura mpya ya Python inakupa msg["To"].addresses ambapo kila anwani ina display_name, username na domain, sioni sababu ya mtu kuandika rejeksi ya anwani baada ya hapo.

Ila hata hapo usiandike addresses[0] ukatembea zako. Kuna barua halali kabisa inayokuja na

To: undisclosed-recipients:;

Hilo ni kundi lisilo na mtu ndani. Sarufi inaruhusu makundi, jina, nukta mbili, wanachama, nukta mkato, na hili limekuja tupu. Orodha ya anwani ni sifuri na index yako inaanguka.

Na kama unatumia anwani kwa ulinzi, mfano ni wenye domeini ya kampuni tu ndo wajisajili, hapo punguza mwendo kabisa. Funksheni ya parseaddr ilikaa na udhaifu uliopewa namba CVE-2023-27043 kwenye orodha ya udhaifu wa programu unaojulikana: anwani iliyoandikwa kwa hila ilikuwa inachambuliwa vibaya, unarudishiwa kipande ambacho sicho, wewe unakagua domeini moja na barua inakwenda kwingine. Kuanzia 3.13 anwani mbovu inakataliwa moja kwa moja, unapata jozi ya stringi tupu. Kwa hiyo kagua pia kama hujapewa utupu, maana kodi nyingi nilizoziona zinachukua tupu na kusonga nayo mbele.

Tarehe niseme kwa kifupi. Tumia .datetime, usiandike fomati yako. Kitu kimoja tu cha kukumbuka, "Tue, 05 Mar 2024 10:15:00 -0000" sio sawa na +0000. Ile ya kutoa inasema saa ni ya UTC lakini sitaki kukwambia mtumaji yuko kanda gani, na Python inakurudishia datetime isiyo na kanda, ukiilinganisha na yenye kanda inalia. Tarehe ikiwa takataka kabisa, Python za sasa zinakupa None na kosa linawekwa kwenye defects.

Mpangilio ndo kitu ambacho watu wa dikshenari hawakioni mpaka wauzwe. Kila seva inayopitisha barua inabandika Received yake juu kabisa, kama sahani zinazopangwa, ya mwisho kuwekwa ndo ya kwanza kuonekana. Safari ya barua inasomwa toka chini kwenda juu. Na sio zote za kuaminika, unaamini zile zilizowekwa na seva zako, zilizo chini ya hapo yeyote angeweza kuziandika kabla hajatuma, nimeona ripoti za usalama zikimnyooshea kidole mtu kwa sababu ya IP iliyokuwa kwenye Received ya chini kabisa, ambayo ni sehemu rahisi kuliko zote kughushi.

DKIM nayo, saini ya kidijitali ya domeini inayotuma, iko hapo hapo. Saini inataja heda ilizosaini kwenye kipengele cha h=, na heda ikirudiwa inahesabiwa kuanzia chini. Ukiwa na laibrari inayochukua barua, inaichambua na kuitema upya, hata bila wewe kugusa kitu, saini inaweza kufa. Wengi wanatumia mtindo wa relaxed ambao unavumilia mikunjo na nafasi kubadilika, lakini hauvumilii kipande cha Q kilichodekodiwa na kusimbwa upya kama base64, kwake hayo ni maandishi tofauti. Python sura mpya kwa kawaida inakunja upya mistari iliyozidi urefu, utaizima kwa policy.default.clone(refold_source="none"). Java nayo ina yake, saveChanges inaandika Message-ID mpya, ukiwa unapeleka mbele barua ya mtu utakuwa umekata uzi wa mazungumzo, maana majibu yote yanashikana kwa Message-ID kupitia In-Reply-To na References.

Kwa kazi ya kupitisha barua, ushauri wangu ni kwamba usiitoe kabisa upya. Tumia laibrari kusoma, ukitaka kuongeza heda yako andika baiti zako, bandika mbele ya baiti asilia, tuma. Inaonekana ya kishamba, ila saini inabaki nzima, na heda mpya inakaa juu panapotakiwa, kitu ambacho msg["..."] haiwezi kukupa kwa sababu yenyewe inaongeza mwishoni.

Upande wa kutuma kuna hatari moja kubwa kuliko zote na ni ya kizembe: kuchukua kilichoandikwa na mtu kwenye fomu ya mawasiliano na kukiweka kwenye heda. Mtu anajaza jina, halafu mstari mpya, halafu Bcc: (wapokeaji wa siri) na anwani mia, fomu yako imekuwa kiwanda cha spamu. Kwenye PHP, mail() ilikuwa inapokea heda zote kama stringi moja ndefu na watu walikuwa wanaziunga kwa nukta, tangu 7.2 inakubali safu na hakuna kisingizio. EmailMessage inakataa mstari mpya ndani ya thamani. Laibrari nayo ilikuwa na tundu kwenye kuandika, hiyo ni CVE-2024-6923, na dawa yake ni ule ukaguzi unaoitwa verify_generated_headers.

Bcc yenyewe ukitumia send_message ya smtplib inaondolewa kabla ya kutuma, na wapokeaji wanaingizwa kwenye bahasha ya SMTP (itifaki ya kutumia barua) ambayo ndo inayoamua barua iende wapi, To ni maandishi ya kusomwa tu. Ukitumia sendmail ukampa stringi yako, haondoi kitu, na kila mpokeaji ataona majina ya waliofichwa.

Ukiwa na kodi ya zamani usiibadilishe yote kwa mkupuo. Weka policy=policy.default pale inaposoma tu, futa zile funksheni za decode_header moja moja, na weka logi ya msg.defects pamoja na defects za kila heda, kwa sababu kichambuzi hakikatai barua mbovu, kinaimeza na kuandika malalamiko pembeni ambayo hakuna anayeyasoma. Baiti asilia nazihifadhi kama zilivyoingia, kando na kile nilichochambua. Python ikiapdetiwa, au kichambuzi kikawa kikali zaidi kama ilivyotokea kwa parseaddr, nazipitisha zote tena kwenye toleo jipya na kuangalia zipi zimebadilika majibu kabla toleo halijaenda kwa wateja.